Mdahalo: Kijibwa Mkaidi, au Nyumba Isiyo na Ratiba?

Hoja iliyo mezani inasema: mbwa mdogo wa kizungu hafundishiki kujisaidia nje, kwa hiyo asiingizwe ndani. Sauti zitakazoitetea hapa si za watu fulani. Ni hoja zinazozunguka mitaani, nami nimezipa vinywa ili zijibiwe ana kwa ana. Uwanja wetu ni Maganzo, mji wa wilaya ya Kishapu ulio kando ya barabara kuu ya kutoka Shinyanga kwenda Mwanza, jirani wa mgodi wa almasi wa Mwadui ambao John Williamson aliugundua mwaka 1940. Nimeuchagua kwa makusudi. Katika miji ya ukanda huu wa madini, kuanzia hapa hadi Kahama na Geita, nyumba ya familia na vyumba vya kupanga hutazamana uani, watu huingia na kutoka kwa zamu, na mbwa amezoeleka kuwa mlinzi wa boma, si mkazi wa sebuleni. Kijibwa akifundishika katika mazingira haya, atafundishika popote. Msimamo wangu nautangaza mapema ili msomaji anipime: kile tunachokiita ukaidi wa mbwa mdogo, kwa sehemu kubwa, ni mapengo ya ratiba ya nyumba yenyewe.

Mzee wa boma: Mwanangu, mbwa mahali pake ni penye zizi. Sisi Wasukuma tumefuga mbwa alinde ng'ombe na shamba, ale makombo, alale nje. Hakuna aliyemfundisha choo na hakuna aliyelalamika. Ninyi mnaleta kijibwa cha kubeba kwapani, mnamlaza kwenye zulia, kisha mnashangaa zulia linanuka. Mbwa hana kosa. Mmemweka pasipo pake.

Mzee wangu, nusu ya maneno yako nayapokea kwa mikono miwili, maana ndani yake mna ushahidi wa upande wangu. Mbwa wa boma hakufundishwa choo kwa sababu silika yake ilitosha. Kitoto cha mbwa, tangu wiki za mwanzo miguu inapopata nguvu, hujikokota kutoka pale anapolala na kunyonya ili ajisaidie pembeni. Usafi wa malazi amezaliwa nao. Asichozaliwa nacho ni ramani ya nyumba yetu. Kwa mbwa mwenye uzito wa kilo mbili au tatu, sebule ni pana kama uwanja: akitoka kwenye kitambaa chake karibu na mlango wa jikoni akaenda nyuma ya kochi, kwa hesabu zake amekwenda mbali, amejisitiri, ametenda kama mbwa mwenye adabu. Hana habari kwamba kuta nne zote ni kitanda cha mwenye nyumba. Kumfundisha, basi, hakuanzii patupu. Ni kuipanua silika aliyo nayo chumba kwa chumba, mpaka nyumba nzima iwe malazi yake. Ndiyo maana wafugaji wenye uzoefu humpa kwanza eneo dogo, kizimba cha kutosha kulala na kugeuka au kona iliyozungushiwa ubao, na humfungulia vyumba vingine kadiri anavyoonyesha kuelewa. Anayemwachia kijibwa nyumba yote siku ya kwanza amempa mgeni ramani isiyo na mipaka.

Nusu ya pili, kwamba arudishwe nje alikotoka, siwezi kuipokea. Chihuahua au Maltese hakuumbwa kwa usiku wa uani. Ni mdogo kiasi cha kuraruliwa na mbwa koko, na mwili wake mdogo hupoteza joto upesi. Aliyekwisha kumnunua amekwisha kuamua atalala wapi. Wala mkojo ndani ya nyumba si suala la harufu tu. Mwezi Julai 2022, Wizara ya Afya ilipotangaza mlipuko wa homa ya mgunda wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, ambako watu 20 waliugua na watatu wakafariki, Watanzania wengi walisikia kwa mara ya kwanza kwamba kuna bakteria asafiriye kwa mkojo wa wanyama. Panya ndio wanaotajwa zaidi, lakini mbwa naye yumo katika orodha ya wanaoweza kumbeba. Kwa hiyo swali la choo cha kijibwa si anasa ya wenye makochi. Ni suala la afya ya nyumba, na jibu lake ni mafunzo.

Baba mwenye fimbo: Ndugu mwandishi, huyo kijibwa ana akili kukuzidi. Ukirudi ukakuta amekojoa, anainamisha kichwa, anakunja mkia, anaingia chini ya kochi. Kosa lake analijua! Msugue pua kwenye mkojo wake, mchape viboko viwili, atakoma. Ukimchekea nyani utavuna mabua.

Ndugu yangu, methali ni ya kweli, ila umeipeleka shamba lisilo lake. Hoja yako yote imesimama juu ya ile sura ya majuto, na sura hiyo imekwisha kuchunguzwa. Mwaka 2009, mtafiti Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, alichapisha jaribio alilofanya kwa mbwa 14. Wenye mbwa walikataza chakula fulani, wakatoka chumbani, kisha wakarudi na kuambiwa kama mbwa amekula au hakula. Wakati mwingine waliambiwa uongo. Ile sura ya majuto haikufuata kosa. Ilifuata karipio. Mbwa aliyekaripiwa bila kosa alijikunyata sawasawa na mkosaji, pengine hata zaidi. Kijibwa anapoingia chini ya kochi, basi, hakiri mkojo wa saa nne asubuhi. Ameyasoma mabega yako na sauti yako ya sasa hivi. Ukimchapa, anaunganisha maumivu na kitu kilicho mbele yake wakati huo, nacho ni wewe. Anajifunza kwamba kukojoa mbele ya baba ni hatari. Matokeo yake kila mwenye fimbo anayajua bila kuyaelewa: mbwa anakwenda nyuma ya kabati, na hata akipelekwa nje anabana mkojo kwa sababu aliyemshika kamba ni yule yule anayechapa. Hapo ndipo fimbo inapouzaa ukaidi uliodhani unautibu.

Wala si jaribio hilo pekee. Nchini Uingereza, utafiti wa mwaka 2004 uliowahoji wenye mbwa 364 ulikuta kwamba mbwa waliofundishwa kwa tuzo walikuwa watiifu zaidi, na kadiri adhabu zilivyozidi ndivyo tabia mbaya zilivyoripotiwa kwa wingi. Utasema, kwa haki kabisa, kwamba huenda mbwa wabaya ndio walioziita adhabu, si adhabu zilizowaharibu. Mahojiano peke yake hayawezi kuutatua ugomvi huo. Lakini hata tukiuacha wazi, jambo moja linabaki: hakuna dalili kwamba fimbo iliwapunguzia tabia hizo. Na ukitaka mfano wa nyumbani, usiende Ulaya, nenda Morogoro. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000 kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Panya hachapwi. Anapogundua kinachotafutwa husikia mlio mfupi, kisha hupewa chakula papo hapo. Mmoja wa panya hao, Magawa, aliyezaliwa Morogoro, alifichua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100 nchini Kambodia, akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Kama panya anaweza kufundishwa kazi ambayo kosa lake ni kifo cha mtu, na akafundishwa kwa mlio, ndizi na karanga, mwenye kijibwa ana udhuru gani? Maganzo nako kuna somo la karibu zaidi: anayechekecha mchanga kutafuta almasi hauchapi mchanga. Anarudia mwendo ule ule, kwa jicho lililo macho, mpaka kitu kionekane.

Mama wa sebuleni: Kaka, mimi simpigi hata kidogo. Namtoa asubuhi na jioni. Akifika nje ananusa maua, anawaangalia kuku, hafanyi kitu. Akirudi ndani, dakika mbili tu, nyuma ya kochi! Yule mkubwa wa jirani alielewa ndani ya mwezi. Hawa wadogo ukaidi uko damuni.

Dada yangu, katika mdahalo wote huu hoja yako ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu ina chembe ya ukweli. Mbwa wadogo kwa kawaida huchelewa kuliko wakubwa. Swali ni kwa nini. Sababu ya kwanza ni ya mwili: kibofu kidogo hujaa upesi. Wafugaji wana kanuni ya kukadiria kwamba kitoto cha mbwa anaweza kubana mkojo kwa saa zinazolingana na umri wake wa miezi, pengine na saa moja zaidi, na hiyo ni akiwa ametulia. Wa miezi mitatu, basi, umhesabie saa tatu au nne. Kutoka asubuhi mpaka jioni ni saa kumi na mbili. Hapo hakuna ukaidi, kuna hesabu isiyojumlika. Na zipo nyakati ambazo haja huja bila kungoja saa: mara anapoamka, mara anapomaliza kucheza, na katika nusu saa baada ya kula. Anayemwachia sahani ya makombo wazi mchana kutwa amejinyima kipimo hicho cha mwisho, kwa maana mbwa anayekula saa zote hujisaidia saa zote. Mlo wa saa maalumu huleta choo cha saa maalumu.

Sababu ya pili iko kwa mwenye mbwa, nawe uniwie radhi. Utafiti wa Vienna, Austria, uliochapishwa mwaka 2010 na kuwahusisha wenye mbwa zaidi ya elfu moja, ulionyesha kwamba wenye mbwa wadogo hawakuwa na msimamo thabiti kama wenye mbwa wakubwa, na waliwafundisha mara chache zaidi. Utafiti huo huo uliona kwamba kwa mbwa wadogo adhabu za mara kwa mara ziliendana na woga. Si vigumu kuona jambo hili linavyotokea. Dimbwi la mbwa mkubwa humfanya baba asimame na mama aite watoto; nyumba nzima huanza mafunzo siku hiyo hiyo. Dimbwi la kijibwa ni kama kikombe cha kahawa kilichomwagika: linapanguswa na tambara, watu wanacheka, maisha yanaendelea. Leo anakaripiwa, kesho anabebwa, keshokutwa hakuna aliyeona. Yule mkubwa wa jirani hakuwa na akili zaidi. Alikuwa na dimbwi lisilosameheka.

Sababu ya tatu ni huko nje kwenyewe. Kijibwa anayenusa maua bado hajamaliza kazi, nawe unamrudisha ndani kabla hajaianza. Afungwe kamba, apelekwe mahali pamoja kila siku, asimamishwe hapo bila mchezo wala mazungumzo, na akishamaliza tu, palepale, apewe kipande cha dagaa na sifa. Tuzo inayosubiri mpaka mrudi jikoni inamfundisha kupenda jikoni. Asipofanya kitu, arudi kwenye kizimba chake au akae kifuani pako, si sebuleni, na baada ya robo saa atoke tena. Ndani nako harufu iondolewe kabisa, kwa sababu pua yake inasoma pale ulipopaona safi. Sakafu ya saruji hunywa mkojo kuliko vigae, kwa hiyo pasuguliwe kwa sabuni, kisha siki iliyochanganywa na maji, na zulia lianikwe juani. Dawa kali za klorini zisimwagwe juu ya mkojo mbichi, kwa maana huchanganyika nao zikatoa hewa inayowasha macho na kifua. Masika nayo yana haki yake: mbwa ambaye tumbo lake liko sentimita chache kutoka ardhini hapendi tope, na kumtengea sehemu chini ya paa la kibaraza si kumdekeza. Mwisho, wapo wanaoonekana wakaidi kumbe ni wagonjwa. Mbwa aliyekwisha kuelewa akaanza upya, au anayekojoa matone mara kwa mara, anahitaji daktari wa mifugo kabla ya mwalimu. Na yule anayetiririsha mkojo kila anaposalimiwa kwa kishindo anaonyesha unyenyekevu, si jeuri. Msalimie kwa upole, itapungua.

Jirani mpangaji: Ndugu zangu, mnajadili zulia lenu tu. Hapo uani ni petu sote. Mnamtoa kijibwa kwenu, anakuja kujisaidia ninapoanika nguo na watoto wanapochezea. Mimi ni Mwislamu, majimaji ya mbwa yakigusa nguo yangu ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Haki yangu iko wapi?

Ndugu jirani, haki yako ipo, na ni kosa la waandishi wengi wa habari za mbwa kuisahau. Wao huandika kana kwamba kila nyumba ina bustani yake peke yake. Waislamu wengi wa Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo msimamo wake kuhusu unajisi wa mbwa ndio huo ulioutaja, na mwenye kijibwa hana mamlaka ya kukuomba uulegeze. Lakini tazama hitimisho lake: linaunga mkono mafunzo. Mbwa asiyefundishwa hujisaidia popote pua inapompeleka, penye kamba yako ya nguo na penye mkeka wako. Mbwa aliyefundishwa ana mahali pamoja panapojulikana, mwisho wa ua, mbali na kisima, kamba za nguo na mchezo wa watoto, na mwenyewe huzoa kinyesi siku hiyo hiyo na kukifukia au kukitupa chooni. Kuzoa si adabu tu, maana mayai ya minyoo ya mbwa huhitaji muda kwenye udongo kabla ya kuwa hatari kwa mtoto anayechezea mchanga. Kwa hiyo mafunzo ya choo yasitenganishwe na dawa ya minyoo, wala na chanjo ya kichaa cha mbwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kwamba ugonjwa huo uliua takriban watu 1,500 kwa mwaka Tanzania, na Shirika la Afya Duniani linataka mbwa asilimia 70 wa kila eneo wachanjwe ili kuukatiza. Kijibwa wa ndani hulambana na watoto. Udogo wake haumpi msamaha wa sindano.

Kijana wa zamu: Broo, hayo yote ni ya wenye nafasi. Mimi natoka saa kumi na moja alfajiri, narudi usiku nimechoka. Nani atasimama na kamba kila saa tatu?

Mdogo wangu, hapa sikupingi. Nakuunga mkono mpaka mwisho wa sentensi yako, kisha naihitimisha tofauti na wewe. Kama hakuna mtu nyumbani mchana, kitoto cha mbwa hakifundishiki nyumbani humo, kwa sababu mwalimu hayupo. Si kosa la damu yake. Zipo njia za katikati. Wanaokaa chumba kimoja hutumia sinia pana lenye mchanga au magazeti kwenye kona moja, na kwa mbwa mdogo njia hiyo inafaa, ilimradi iwe uamuzi wa kudumu. Anayefundisha gazeti mwezi huu na uani mwezi ujao amemfundisha lugha mbili kwa mpigo, na mbwa atachanganya. Njia nyingine ni kuchukua mbwa mkubwa kiumri, ambaye kibofu chake kimekomaa. Ya tatu ni kugawana zamu ndani ya nyumba, kama mgodi unavyofanya: dada wa kazi asubuhi, watoto wakitoka shule, baba usiku, wote kwa neno moja na mahali pamoja. Mgodi haugawi zamu huku kila fundi akifuata kanuni yake. Kijibwa naye akiambiwa "nje" na mama, "haya kojoa" na dada, na "toka!" na baba, hatalijua hata neno moja kati ya hayo.

Sauti zimekwisha, na mwenyekiti wa mdahalo anataka uamuzi. Mzee ameonyesha kwamba mbwa ana silika ya usafi. Baba mwenye fimbo ameonyesha, bila kukusudia, jinsi woga unavyofanana na ujuzi. Mama ameonyesha kwamba udogo wa kibofu ni kweli, na kwamba uvumilivu wa dimbwi dogo ni kweli pia. Jirani ameonyesha kwamba mahali pa choo ni mkataba wa ua mzima. Kijana wa zamu ameonyesha mpaka wa hoja yangu, nami nimeukubali. Kazi hii kwa mbwa mdogo huchukua miezi, si siku, na atakayeahidi wiki moja anauza mbwa. Lakini katika sauti zote tano sikusikia ushahidi hata mmoja kwamba mnyama mwenyewe hafundishiki. Hoja imeanguka.

Basi, msomaji, kabla hujatoa pesa kununua kijibwa, chukua karatasi uandike majina matano: nani atamtoa akiamka, nani baada ya chakula cha asubuhi, nani mchana, nani baada ya chakula cha jioni, nani kabla ya kulala. Jina moja likirudiwa mara zote tano, hakikisha mwenye jina hilo amekubali. Nafasi moja ikibaki wazi, mwache kijibwa kwa muuzaji mpaka uijaze.